Kukimbia au kukimbilia: kisa cha karai la samaki kambini Mwambani

Mama wa kijana wetu wa skauti aliyeungua mkono jikoni alikuja kambini asubuhi na mapema, kesho yake baada ya moto. Alipiga hodi nje ya hema, akanisalimu vizuri, akaulizia hali ya watoto wengine wote, ndipo akasema lililomleta: "Kiongozi, huyu mwanangu mlimfundisha akimbie moto au akimbilie moto?"

Jibu nilikuwa nalo, lakini lilinikaa kooni. Tulimfundisha kukimbilia.

Ninawaandikia viongozi wenzangu wa skauti, na walimu na wazazi wanaotaka watoto wao wajue kujikinga na moto. Nitaeleza kwanza yaliyotokea jikoni, kisha nitarudi wiki mbili nyuma kwenye mafunzo tuliyoyatoa wenyewe, maana moto ule kwa kweli uliwashwa huko.

Jioni ile

Kundi letu lina watoto 26, wa miaka 11 hadi 15, wengi wao wanakaa Ngamiani na Makorora, mjini Tanga. Shule zilipofungwa mwezi Juni tuliwapeleka kambini Mwambani, kusini ya mji, kwenye shamba la minazi lililo karibu na bahari. Vikosi vilikuwa vinne: Chui, Tai, Nyuki na Papa. Jiko lilikuwa banda la makuti lisilo na kuta, na tulilijenga karibu na kisima ili maji yasiwe mbali. Kisima kilikuwa upande wa kusini, mahema tukayapanga kaskazini. Mtu wa pwani ameshaona kosa. Juni ni msimu wa kusi, upepo unaotoka kusini, na cheche yoyote itakayoruka jikoni itaelekea mahemani. Nilipanga kambi nikiwaza maji, upepo sikuuwaza.

Zamu ya jikoni ilikuwa ya Chui. Chakula kilikuwa wali na changu wa kukaanga. Karai la mafuta lilikaa juu ya mtungi wa gesi wa kilo 6, ile mitungi midogo ambayo jiko lake hufungwa juu ya mtungi wenyewe, na koki iko hapo hapo chini ya chombo cha kupikia. Nyumba nyingi za Tanga zina mtungi wa namna hii, nasi tulikuwa na mmoja. Saa kumi na mbili kasoro kidogo mama mpishi aliinuka kwenda kuosha samaki kisimani, kama hatua kumi na tano tu. Alimwambia kijana wa miaka 13 aliyekuwa karibu, "Baba, niangalizie karai. Likianza kufuka moshi, niite."

Karai lilifuka moshi. Kijana alikuwa ameligeuzia mgongo, anakata vitunguu. Mafuta ya kupikia hayahitaji kuguswa na mwali ili yawake. Yakiachwa yapate joto hadi kupita nyuzi 300 hushika moto yenyewe. Alipogeuka aliona moto mdogo wa rangi ya machungwa unatambaa juu ya mafuta. Alinieleza baadaye kwamba ulikuwa mdogo "kama wa kibatari." Angeweza kumwita mama bila hata kupaza sauti sana. Alichofanya ni kuchukua kopo la maji ya kuoshea vitunguu na kulimwaga lote karaini.

Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo huzama. Yakikutana huko chini na joto la mara tatu ya lile linaloyachemsha, hugeuka mvuke papo hapo, na lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi ya lita 1,700 hivi. Mvuke huo hauna pa kupita ila juu, na hupanda na mafuta yanayowaka, yamepasuliwa kuwa matone madogo madogo. Mimi nilikuwa mahemani. Nilisikia sauti kama ya shuka zito linapokung'utwa. Nilipogeuka, mwali ulikuwa umeshafika kwenye makuti.

Yaliyofuata yalichukua dakika chache, na nitayaeleza kwa utaratibu kwa sababu kila mtu alifanya kitu tofauti na kila kitu kina sababu yake.

Binti mmoja wa Nyuki, ana miaka 12, alipuliza filimbi akakimbia hadi kwenye mlingoti wa bendera, akasimama hapo anaendelea kupuliza. Watoto walimfuata. Hakuna mtu aliyewahi kuwaambia kwamba moto ukitokea wakusanyike mlingotini. Ila ndipo walipopiga foleni kila asubuhi kwa gwaride, na miguu iliwapeleka yenyewe. Nilihesabu nikapata 25. Nikahesabu tena, 25. Wa ishirini na sita alikuwa chooni, akatokea baada ya muda na kopo lake mkononi akishangaa tunalia nini. Tulikuwa tunalia kweli, na mimi nikiwemo.

Mama mpishi alichukua gunia la katani, akalichovya kwenye ndoo, akalikamua hadi likaacha kuchuruza, akaingia kwa upande unaotoka upepo, akafunika karai na kufunga koki. Nilimuuliza usiku ule kwa nini alipoteza muda kukamua gunia na huku paa linawaka. Akanijibu, "Likichuruza ndani ya mafuta, si nitakuwa nimerudia la mtoto?" Nilimshukuru, lakini niseme wazi hapa: kuingia chini ya makuti yanayowaka, juu ya mtungi wa gesi, ni jambo ambalo lingeweza kumuua. Simfundishi mtoto yeyote kulifanya, na mtu mzima namwambia aache liungue.

Wavuvi waliokuwa wakianika nyavu walikuja na pondo zao. Mmoja alipiga kelele, "Toeni ya kaskazini kwanza!" Wakaanza kuyadunga na kuyavuta chini makuti ya upande unaokwenda upepo, yale ambayo hayajashika, ili moto ukose njia. Zimamoto wanafanya kazi hiyo hiyo kwa vifaa vingine. Wale waliijua kwa sababu wamekulia kwenye nyumba za makuti. Hema moja tu lilitoboka kwa cheche, matundu saba madogo yaliyoyeyuka kingo.

Mimi nilipiga 114. Sauti ya upande wa pili iliniuliza niko wapi, nikasema kambi ya skauti, Mwambani. Ikauliza gari liingilie wapi kutoka barabarani. Hapo nikakwama. Shamba lile nimelijua miaka, lakini sikuwahi kulieleza kwa maneno. Nilitaja mwembe, nikataja duka, nikajirudi. Banda lilikuwa limeshaanguka kabla gari halijapata njia, na ucheleweshaji huo ni wangu.

Kijana aliungua mkono wa kulia, kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko. Tulimvua saa na bangili ya nyuzi kabla mkono haujavimba, tukaanza kuumwagia maji ya kisima. Mzee mmoja wa jirani alikuja mbio na dawa ya meno. Alikuja kwa huruma yote. Nilimwambia, "Shikamoo mzee wangu, ahsante sana, tunaomba kwanza tuendelee na maji." Alikubali, akashika ndoo, akamwagia yeye mwenyewe. Tulimwagia kwa dakika 20 nzima kwa saa. Dakika 20 ni ndefu mno mtoto anapolia, na baada ya tano kila mtu anakuambia inatosha. Haitoshi. Ngozi hubaki na joto ndani hata uso wake ukipoa. Dawa ya meno, mayai, unga au samli hulifunika joto hilo libaki humo, na daktari atalazimika kuvikwangua kabla ya kuona kidonda. Tulifunika kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi za kunata, tukampeleka hospitali. Alipona. Kovu analo.

Wiki mbili kabla

Ninayo karatasi yake ya mtihani, nimeihifadhi. Tulitoa mafunzo ya moto Jumamosi mbili kwenye uwanja wa shule, na mwisho tukawapa maswali kumi. Swali la saba: mafuta yakishika moto jikoni utafanya nini? Kwa mwandiko wake mzuri wa kulalia kulia ameandika, "Sitamwaga maji. Nitafunika kwa mfuniko na kuzima jiko." Mimi mwenyewe nimeweka alama ya vema pembeni, kwa wino mwekundu.

Kwa hiyo asije mtu akasema mtoto hakujua. Alijua, akaandika, akapata vema, na siku kumi na nne baadaye mkono wake ukachukua kopo. Ilinichukua muda kuelewa kwa nini, na aliyenielewesha ni yeye. Nilimuuliza akiwa bado na bandeji, bila ukali. Akatazama chini, akasema, "Kiongozi, si ulisema anayezima kwanza ndiye mshindi?"

Ni kweli nilisema. Jumamosi ya pili tuliwasha mafungu manne ya majani makavu na maboksi, kila kikosi fungu lake, ndoo ya maji hatua kumi nyuma. Filimbi ikilia mnakimbia, mnachota, mnazima. Chui walishinda kwa sekunde 11 na huyu kijana ndiye aliyemwaga. Tulimpigia makofi, na kikosi chake kikala nyama ya ziada. Skauti hupenda mashindano ya vikosi, na ni jambo jema, yamewajenga watoto wengi. Lakini angalia tulichokifundisha pale. Maneno ya "usimwage maji kwenye mafuta" waliyasikia mara moja wakiwa wamekaa chini ya mti. Kukimbilia moto na maji walikufanya kwa miguu na mikono, mapigo ya moyo yakiwa juu, wenzao wakishangilia, mshindi akisifiwa. Siku moto ulipokuja kweli, mapigo ya moyo yalipanda tena na mwili ukarudi kwenye kile ulichokifanya mara ya mwisho ulipokuwa katika hali hiyo. Mlingoti wa bendera ulituokoa kwa sababu hiyo hiyo.

Yalikuwepo makosa mengine. Tuliwaonyesha pembetatu ya moto, joto, hewa na kitu kinachoungua, wakaikariri kama wimbo, na tukapita haraka haraka kwenye tofauti ya moto wa kuni, wa mafuta, wa gesi na wa umeme. Tuliwaambia "funga gesi kwanza" bila kufikiri kwamba kwenye mtungi wetu kufunga gesi ni kuingiza mkono chini ya karai linalowaka. Kizimia moto cha unga cha kilo 6 tulikuwa nacho, kimening'inia hemani kwangu, na watoto walijua hatua zake: vuta pini, elekeza chini ya moto, bana, fagia. Hakuna aliyewahi kukiinua. Ukijumlisha chuma chake kina uzito wa kama kilo 9. Baadaye nilimpa mtoto wa miaka 11 akibebe, akakikumbatia kwa mikono miwili na hakubaki na mkono wa kuvuta pini. Na unga wake wote hutoka kwa chini ya nusu dakika.

Lakini hayo ni madogo mbele ya zawadi tuliyoitoa kwa kukimbilia.

Wala hili si la watoto peke yao. Agosti 10, 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka na watu wakalisogelea kuchota petroli. Lililipuka, na waliofariki walizidi 100. Nilipowauliza watoto wetu kuhusu siku ile, wengi walikuwa wamesikia nyumbani, na kila mmoja alisema wale watu walikosea. Nikawauliza, mngefanya nini mngekuwa pale na ndoo? Wakanyamaza. Mwaka uliofuata, Septemba 2020, moto uliingia bwenini katika shule ya msingi wilayani Kyerwa, Kagera, ukaua watoto 10. Mambo haya nayataja mbele yao kwa sauti ya chini, bila kuwatisha, kwa sababu wana haki ya kujua tunachofanya si mchezo.

Tulichobadilisha

Mashindano hatukuyaondoa. Tuliyageuza. Sasa kikosi kinapata alama kwa kitu cha kwanza kilichofanywa: kupiga kelele ya moto, kuondoka, kufika mlingotini, kuhesabiana kwa namba. Kila mtoto ana namba yake, anaitaja mwenyewe. Anayeusogelea moto bila kuambiwa na mtu mzima anakipunguzia kikosi alama zote za siku. Mara ya kwanza Papa walifika mlingotini haraka wakasherehekea, na wakasahau kwamba mwenzao mmoja tulimficha nyuma ya choo. Walipata sifuri. Tangu siku hiyo Papa ndio wanaohesabu vizuri kuliko wote.

Karai tunalitumia, lakini likiwa baridi. Tunafunga kipande cha khanga nyekundu ukingoni, upepo ukikipeperusha kinafanana na mwali kiasi cha kutosha. Mtoto anajifunza kwanza kuita. Akiwepo mtu mzima na moto ungali ndani ya chombo, mkubwa anafunika kwa mfuniko, akiutelezesha kutoka upande wake kwenda mbele ili mwali usimrudie, na karai haliguswi wala kubebwa hadi lipoe kabisa. Watoto wa miaka 14 na 15 wanafanya zoezi la mfuniko mara ishirini, hadi linachosha. Nataka liwachoshe. Mafuta ya moto hatuwashi kamwe kwa mafunzo, na nawaomba viongozi wenzangu wasifanye hivyo hata kwa kuonyesha tu.

Kwa moshi tumefunga kamba kimo cha goti, tukaitundikia vizibo vya soda, mtoto anatambaa chini yake macho yamefungwa kwa skafu. Kizibo kikilia, ameinua kichwa mahali penye moshi. Na nguo ikishika moto: simama, lala, viringika, uso umefunikwa kwa viganja. Mabinti tunawazoesha wakiwa wamevaa khanga kweli, kwa sababu nyumbani ndivyo wanavyokaa jikoni, na khanga inapoburuta ndipo moto unapoanzia.

Zoezi lililonifundisha zaidi mimi ni la simu. Mmoja anakuwa zimamoto, mwingine anapiga. Mwanzoni wote walifanya kitu kimoja: "Moto! Njooni haraka!" wakakata. Haraka wapi? Sasa wanasema jina, mahali, kinachoungua, kama kuna mtu ndani, na hawakati wao kwanza. Kila mtoto ameandika nyumbani kwao sentensi mbili za kumwelekeza dereva asiyeijua mitaa, kuanzia barabara kubwa. Ngamiani wana bahati ya barabara zenye namba. Wa Mwambani na Pongwe ndio waliotoka jasho, na mtoto mmoja alikuja na maelezo bora kuliko yoyote niliyowahi kutoa: "Ukivuka reli usihesabu nyumba, hesabu minazi mitatu iliyoinama."

Mtungi nao umehama. Jiko la kambi sasa lina mpira, mtungi umekaa mbali nalo kwa upande unaotoka upepo, koki inafikika bila kuupitia moto. Mahema yako kusini.

Kiongozi mwenzangu, mtu ninayemheshimu, hakukubaliana nami. Alisema tunawafanya watoto waoga, na skauti anayeambiwa "Uwe tayari" hawezi kufundishwa kukimbia. Nimelifikiria sana neno lake. Namjibu kwamba yule binti wa Nyuki ndiye aliyekuwa tayari kuliko sisi sote jioni ile, na yeye alikimbia. Alikimbia na filimbi mdomoni, watu 24 nyuma yake.

Oktoba tulirudi Mwambani. Jioni ya kwanza, bila kumwambia mtu, mama mpishi alifunga khanga nyekundu kwenye karai baridi, akaenda kisimani. Kijana wetu alikuwa pale pale, anamenya viazi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mnazi ninamtazama. Aliona. Mkono wake wa kulia, wenye kovu, ulikwenda kwenye kopo, ukalishika. Akalitazama lile kopo. Akaliweka chini, akaita "Moto!" mara tatu, akatembea hadi mlingotini na kutaja namba yake, nane.

Tulilirudia zoezi hilo siku tofauti bila kutangaza. Mara ya pili mkono ulinyooka kidogo ukarudi. Mara ya tatu niliona vidole tu. Mara ya nne alikuwa ameshaita kabla sijaona chochote, na kopo lilikuwa limekaa pale pale lilipowekwa.